Safu ya Mabega

Daftari hili nalitunza mimi, Ngabirano,
mweka hazina wa kikundi cha machela, kaya arobaini na tatu,
milima ya Kigezi, upande ule ambao gari likifika
watoto hukimbia kuligusa mlango.

Engozi, ndivyo tuiitavyo kwetu:
kapu refu la kusukwa, miti miwili ubavuni,
na mgonjwa katikati kama mtama uliovunwa kabla ya siku zake.
Baba yangu alibeba. Walikuwa wanne,
na nyuma yao wanane wakingoja zamu,
maana bega moja halifiki hospitali.
Walipokezana bila kusimama,
mmoja anaingia chini ya mti, mwingine anachomoka,
na mgonjwa hajui sasa ni bega la nani.

Sijasikia mtu akisema:
"Mwaka jana sikuugua. Nirudishieni bega langu."

Lakini pesa ina mdomo.
Huuliza jioni, mnapomenya viazi:
yule anayekohoa kila masika, nimlipie mimi kwa nini?

Zahanati ya serikali ni bure, imeandikwa ukutani.
Daftari la kuandikiwa ugonjwa, uje nalo.
Glavu, uje nazo. Wembe, pamba, nailoni ya kulalia mzazi.
Dawa ziliisha Jumanne; duka liko ng'ambo ya barabara,
la shemeji yake nani, tusiseme.
Bure yenye orodha ndefu kuliko mahari.

Ndipo tukapatana na hospitali ya misheni, kule bondeni:
kila kaya itoe mchango wakati wa mavuno.
Wakaweka sharti. Zikipungua kaya thelathini,
kikundi kizima kinarudishwa.
Nilikasirika, halafu nikaelewa.
Kikundi cha wagonjwa tu, nani atashika mti?

Ndyanabo hakulipa. Mwaka wa kwanza, karo.
Wa pili, ng'ombe alikufa. Wa tatu hakutoa hata sababu.
Aprili, usiku, mvua, uchungu ukamshika mkewe, Kobusingye,
mtoto amelala mkingamo.
Tukambeba. Nani angeuliza kadi kwenye matope yale?
Na mbele, mti wa kulia, penye mteremko unaovunja magoti,
alikuwa Ndyanabo mwenyewe,
kama awavyo kwa kila mgonjwa, miaka yote.

Dirishani mhasibu akasema: upasuaji, laki tisa.
Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na daftari kama langu.

Nikafungua ukurasa wa Ndyanabo. Mweupe.
Nikatafuta safu ya kuandikia mabega.
Haikuwapo. Mistari ile niliipiga mimi, kwa rula,
na sikuifikiria.
Nikatoa akiba ya kikundi. Nikaandika kwa penseli.

Mkutano wa Juni ulinisulubu.
"Leo Ndyanabo. Kesho nani atajisumbua kulipa mapema?"
Walisema kweli. Hilo ndilo lililouma.

Akainuka Bi Zaribugire, mjane,
miaka kumi na mmoja ya kadi isiyokunjwa:
"Mimi nimelipa, sijaugua. Kila usiku namwomba Mungu
nisifaidi hata senti. Lakini huyu alipe.
Na faini. Asituonyeshe bega.
Sisi wengine tumezaliwa bila mabega?"
Watu wakacheka. Ndyanabo naye akacheka, akiangalia chini.

Alileta magunia sita ya viazi, moja moja, hadi Krismasi.
Nikafuta penseli. Karatasi imebaki na kovu;
ukiinamisha taa utaliona.

Redioni wanasema Bungeni wanajadili bima ya nchi nzima.
Nasikiliza, kidole kwenye ukurasa:
watu wote hao, machela moja.
Nani mbele kwenye mteremko,
nani anangoja zamu,
nani ameshika penseli.